Simulesheni inasema ukumbi unatoka watu wote dakika 3 na nusu, nikiweka mishale ya kuelekeza inakuwa mbaya zaidi. Nakosea wapi?

mchora_kuta

Wakuu habari za jioni. Mi niko mwaka wa mwisho, usanifu majengo, hapa hapa Dar, na projekti yangu inahusu watu kutoka ukumbini ikitokea dharura, moto, shoti ya umeme, chochote kile. Nimechukua ukumbi mmoja wa harusi na mikutano, jina nalihifadhi maana mwenyewe kanipa ramani kwa moyo mweupe kabisa. Unaingiza watu 1,200 viti vikipangwa kwa mistari. Milango mitatu, mkubwa wa mbele una upana wa mita 3 na mingine miwili ya pembeni, kulia na kushoto, kila mmoja mita 1.2.

Nimeuchora kwenye programu ya bure nikamwaga humo vijitu 1,200, spidi ya kutembea nimewapa mita 1.34 kwa sekunde kama makala nyingi zinavyoandika. Raundi ya kwanza nikaiambia kila mtu aende mlango ulio karibu naye. Wa mwisho katoka dakika ya 3 na sekunde 25 hivi. Nikaona sawa, ila milango ya pembeni ilikuwa imemaliza watu wake kabla hata ya dakika ya pili halafu ikakaa wazi haina mtu, mlango mkubwa bado wanasukumana.

Sasa projekti yenyewe ni ya MWONGOZO, yaani alama na mishale, kwa hiyo raundi ya pili nikaweka mishale mikubwa ya kuwaka ielekeze watu mlango mkubwa kwa sababu ndo mpana. Dakika karibia 5! Yaani mimi mtaalamu nimekuja kusaidia nimeongeza dakika moja na nusu. Nikabadilisha rangi ya mishale nikacheka mwenyewe maana vijitu havioni rangi.

Maswali yangu ni haya, mwongozo unapangwaje mpaka usaidie, hiyo 1.34 inafaa kwa watu wetu au nipunguze, na la mwisho mwenye ukumbi anataka nimwandikie karatasi kwamba "ukumbi unatoka watu wote ndani ya dakika 3" aiweke ofisini. Nimwandikie?

Mbeba_Ramani

Kwanza hongera kwa kuchagua kitu cha maana, wengi mwaka wa mwisho wanachora hoteli ya nyota tano juu ya bahari. Niko Doha mwaka wa 9 sasa, kazi yangu ni hizi hizi za usalama wa moto kwenye majengo, kwa hiyo vumilia nitaandika kirefu.

Kabla ya kuamini kompyuta chukua kalamu. Waingereza wana kitabu chao cha usalama wa viwanja vya michezo, kinaitwa Green Guide, humo kila mita moja ya upana wa njia tambarare inahesabiwa kupitisha watu 82 kwa dakika, ngazi watu 66. Mlango wako wa mita 3 unapitisha 246 kwa dakika. Ukiwapeleka wote 1,200 huko unapata dakika 4.9, si ndo hiyo "karibia 5" yako? Sasa jumlisha milango yote, 3 na 1.2 na 1.2 ni mita 5.4, mara 82 unapata watu 443 kwa dakika, gawanya 1,200 kwa hapo ni dakika 2.7. Kwa hiyo programu yako haijakosea kitu. Imekujibu ulichoiuliza.

Kosa ni kudhani mlango wa karibu ndo mlango wa haraka. Ni kama kituoni saa kumi na moja jioni, gari tatu zimesimama zote zinaenda Mbagala, watu wote wanagombania mlango wa ile ya kwanza, ya tatu konda anapiga debe mpaka koo linakauka. Kila mtu akichagua lililo karibu naye, jumla yao wote inachelewa. Unachotakiwa kutafuta ni mgawanyo ambao milango yote mitatu inamaliza kwa wakati mmoja. Kwa upana wako mlango mkubwa uchukue kama watu 667, kila wa pembeni 267. Sasa rudi kwenye ramani, hesabu viti kuanzia ukuta wa kulia mpaka ufike 267, piga mstari. Kushoto hivyo hivyo. Mistari hiyo miwili sakafuni ndo mwongozo wako, mishale inakuja baadae kuitumikia. Na ukiendesha simulesheni tena sogeza mistari taratibu, safu moja moja, maana watu wa katikati wana viti vya kuruka na hesabu ya kalamu haioni viti, hapo sasa ndo kompyuta inapolipa mshahara wake.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Vijitu vyako vinaanza kutembea sekunde ya 0. Binadamu wapi hao? Mtu akisikia king'ora anaangalia jirani yake kafanya nini, jirani naye anamwangalia yeye. Mwaka 1991 watafiti wawili, Guylène Proulx na Jonathan Sime, walichapisha jaribio walilofanya kwenye kituo cha treni cha chini ya ardhi kinaitwa Monument, pale Newcastle Uingereza. Ilipopigwa kengele tupu watu waliendelea kukaa wanasubiri treni yao. Kulipokuwa na tangazo la sauti linalosema kuna nini na waende wapi, wakaondoka haraka. Kituo kile kile. Sasa wewe unahangaika na sekunde 40 za mlangoni wakati kuna dakika nzima au mbili zinapotea watu wamekaa kwenye viti wanashangaa. Wape vijitu vyako muda wa kushangaa, na usiwe sawa kwa wote, wengine sekunde 20 wengine 90.

Na alama za ukutani usizitegemee sana. Chuo Kikuu cha Greenwich, timu ya profesa Ed Galea, walipima watu wakiwa kwenye jengo wasilolijua, ni asilimia 38 tu walioiona alama ya kawaida ya mlango wa dharura hata ikiwa mbele yao. Walioiona waliifuata karibu wote. Yaani shida ya alama si ubishi wa watu, ni macho hayaioni. Ndo maana wao wakaenda kwenye alama zinazowaka na kubadilika, mshale unakimbia kijani ukitaka watu, na ule mlango wenye moshi unapigwa msalaba mwekundu. Kwa ukumbi wa harusi Dar hiyo bajeti haipo, tutafute njia nyingine.

kipara_wa_ilala

Mambo ya kwenye kompyuta hayo. Bongo mtu akisikia MOTO anaruka dirishani na sahani ya pilau mkononi, nani atafuata mstari wako wa sakafuni. Watu wetu wana taharuki hata mende akipita

Mbeba_Ramani

Kipara nimecheka ila hapana. Mlango hautambui kabila. Mwaka 2000 kina Dirk Helbing walitoa makala kwenye jarida la Nature, walijaza watu 200 kwenye chumba cha mita 15 kwa 15 chenye mlango wa mita moja, ndani ya kompyuta, wakawa wanaongeza haraka waliyonayo. Mpaka kama mita 1.5 kwa sekunde mambo yanaenda vizuri. Ukizidisha hapo wanaotaka kutoka haraka zaidi wanatoka polepole zaidi, kwa sababu mabega yanabanana mlangoni yanatengeneza kama tao la tofali, hakuna anayepita. Hiyo ni fizikia ya mabega, Mswidi na Mzaramo sawa.

Halafu hiyo taharuki nayo tunaisingizia sana. Waliohojiwa baada ya mabomu ya treni za London ya tarehe 7 Julai 2005 wengi walisimulia watu wakisaidiana, wakipeana maji na kushikana mikono gizani. Kinachoua mara nyingi ni kwamba wa nyuma hajui wa mbele kakwama.

stewadi_mstaafu

Vijana nawasoma nafurahi. Mi sijui simulesheni lakini nimesimama mageti ya viwanja miaka 14, naomba niongeze ya huku chini.

Mdogo wangu mchora_kuta, huo ukumbi ULIENDA? Au una ramani tu? Ramani haina kufuli. Nimeona mlango wa dharura umepigwa mnyororo kwa sababu watu wanaingilia huko bila tiketi, nimeona mlango umegeuzwa stoo ya viti vya plastiki, nimeona mlango unafunguka vizuri kabisa halafu nje yake kuna jenereta. Mlango mkubwa wa mita 3 mara nyingi una pande mbili, upande mmoja umetiwa komeo juu na chini toka siku ya ufunguzi. Hapo una mita moja na nusu, huna tatu. Piga hiyo hesabu ya huyo ndugu wa Doha kwa moja na nusu uone.

Cha pili, watu wanatoka walikoingilia. Haya mambo ya "mlango wa karibu" ni ya kompyuta. Mgeni wa harusi kaingia mbele, kapigiwa picha mbele, gari lake liko mbele, ukimwambia moto anakwenda mbele akimpita mlango wa pembeni kwa hatua mbili. Nimewaona kwa macho yangu.

Cha tatu, nyie mnafikiria kutoka tu. Watu wengi wamekufa wakienda KUPATA kitu. Mjini Moshi tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walifariki pale uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wote kwenye njia moja, hakukuwa na moto wala nini. Uwanja wa Uhuru Machi 2021, kumuaga marehemu Rais Magufuli, 45. Pale watu walitaka kuingia. Kwa hiyo hicho kikompyuta chako kijaribu pia siku bibi harusi anaingia na msanii mkubwa kaalikwa na kadi zimechapishwa feki.

Nikufundishe kitu hakihitaji umeme. Chukua chaki, chora mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni, simamisha rafiki zako humo. Wanne wanapumua, wanaongea. Weka wa tano, wa sita, sasa kila mmoja mkono umebanwa kifuani. Ukifika saba akisukumwa mmoja mraba wote unayumba, hapo mtu hana amri na miguu yake. Tulikuwa tunawafundisha vijana wapya hivi ili akisimama getini akaona watu wamefika hapo asisubiri kuambiwa, afungue au azuie wa nyuma. Watu wanadhani kwenye mkanyagano mtu anakufa kwa viatu, wengi wanakosa pumzi wakiwa wamesimama wima.

mchora_kuta

@stewadi_mstaafu shikamoo mzee wangu. Kusema kweli nilienda mara moja asubuhi, ukumbi mtupu, nikapima na kuondoka. Upande mmoja wa mlango sikuangalia. Jumamosi kuna harusi, nitaomba niingie.

Nimepiga hesabu ya mita 1.5 sasa hivi. Watu 123 kwa dakika, wote wakienda mbele ni dakika 9 na sekunde 45. Mikono imeniishia nguvu.

stewadi_mstaafu

Marahaba. Nenda usiku, asubuhi ukumbi unakudanganya.

Mwalimu_Vihiga

Hamjambo nyote, nachangia kutoka magharibi mwa Kenya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na hii mada imenigusa kwa sababu tarehe 3 Februari 2020 pale Kakamega, si mbali na kwetu, zaidi ya watoto 10 walikufa kwa ngazi wakati wa kuenda nyumbani jioni. Hakukuwa na moto. Ni watoto wengi na ngazi tu. Toka siku hiyo mimi nikisikia kengele ya jioni tumbo hunikata.

Nimechukua hiyo namba yenu ya 66 kwa ngazi. Shule yetu ina ghorofa, ngazi ni moja, upana mita 1.5. Hiyo ni watoto 99 kwa dakika. Wako 800 huko juu. Dakika 8. Na sisi tulikuwa tunagonga kengele moja kwa wote, tukitarajia wawe wameshuka wote kabla gari la shule halijawasha injini! Sasa mwalimu wa zamu husimama kwa kona ya ngazi, darasa la chini hutoka kwanza, likifika uwanjani mwalimu anapunga kitambaa ndipo la pili litoke. Hatukutumia kompyuta yoyote. Lakini swali langu, hiyo programu ya bure naweza kuitumia na laptopu ya shule niwaonyeshe wazazi? Kuna mzazi anasema tunawachelewesha watoto bure, nadhani akiona vile vijitu vikikwama kwa kona ataelewa kuliko mimi nikiongea.

nyoka_wa_pythoni

Mwalimu inawezekana kabisa. Kuna JuPedSim ya kituo cha utafiti cha Jülich Ujerumani, ni bure na unaiita ukitumia Python (lugha ya kuandikia programu), ila inataka mtu anayejua kuandika programu kidogo. Vadere ya Munich nayo ni bure, hiyo unachora kwa mausi. NetLogo ndo rahisi kuliko zote kufundishia ila sio ya kupima upana wa ngazi kwa uhakika, ni ya kuonyesha tu. Hizi za makampuni kama Pathfinder ni nzuri ila za kulipia.

Kwa mleta mada, umeiendesha mara ngapi? Kama ni mara moja hilo si jibu. Programu inarusha kete ndani, nani kakaa wapi nani ana spidi gani, iendeshe mara 50 halafu angalia ile mbaya mbaya sio ya wastani. Na kabla ya yote ipe mtihani wa kitoto, huu ni wa Shirika la Kimataifa la Bahari, wanautumia kwenye simulesheni za watu kutoka melini: korido ya mita 40, upana mita 2, mtu mmoja anatembea mita 1 kwa sekunde, afike mwisho sekunde ya 40. Mi programu niliyoandika mwenyewe chuoni ilimfikisha sekunde ya 31 na nilikuwa nimeshaandika nusu ya ripoti.

Kuhusu 1.34 hiyo ni spidi ya mtu mwenye nafasi, anatembea zake barabarani. Harusini kuna bibi mwenye fimbo, mama kabeba mtoto usingizini, dada kavua viatu kavishika mkononi. Changanya spidi. Halafu watu wa harusi wanatembea kwa makundi, baba hatoki bila kujua mtoto yuko wapi, atarudi NYUMA kinyume na mkondo. Weka hata familia 30 za kurudi nyuma uone mlango unavyogeuka.

Bi_Kizingo

Wanangu nami nipeni nafasi. Sijui kompyuta lakini nimehiji mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na mume wangu Mungu amrehemu, kabla lile daraja la zamani la Jamarati halijabomolewa. Pale Mina, karibu na Makka, ukienda kurusha vijiwe, wanaokwenda na wanaorudi mulikuwa munakutana kifua kwa kifua. Nilishika ihramu ya mume wangu mkono ukafa ganzi. Januari mwaka 2006 ndipo yalipotokea yale, zaidi ya watu 340 wakafa hapo darajani.

Mara ya pili nilikwenda na mwanangu, daraja jipya lina ghorofa, munaingia upande huu munatokea upande ule, hamrudi mulikotoka. Nguzo za kupiga vijiwe nazo walishazigeuza kuta ndefu, basi watu hawarundikani duara moja tena. Na kundi letu lilipewa saa yake, kiongozi wetu alikataa katukatu tusitoke hemani kabla ya saa hiyo hata kidogo, tukamuona mkali kweli.

Mbeba_Ramani

Bi Kizingo shikamoo mama. Umesema kitu ambacho mimi nilitaka kukiandika nikachelewa. Yule yule Helbing na wenzake walichukua video za kamera za siku ile ya 2006 wakaangalia watu fremu kwa fremu. Mwanzoni watu wanatembea kawaida, halafu wanaanza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mawimbi kama ya gari kwenye foleni, halafu wanaanza kuyumbishwa huku na huku bila kutaka. Yale mawimbi ya kusimama-simama yalionekana kabla ya watu kuanguka. Ndo ikawa wazi kwamba kuna dalili mapema mtu wa kamera anaweza kuiona akapunguza wanaoingia. Ratiba za makundi na njia za kwenda upande mmoja zilitoka kwenye kazi ya namna hiyo. Sisemi yakaisha, 2015 Mina palitokea maafa makubwa zaidi, lakini yale yalikuwa barabarani wala si pale darajani.

Mchora, kuhusu watu kurudi walikoingilia alivyosema mzee stewadi, kuna mfano wa kusikitisha. Februari 2003, klabu ya usiku The Station, Rhode Island Marekani, fataki za bendi zilishika sponji ya ukutani. Klabu ilikuwa na milango minne. Wengi wakaenda ule wa mbele walioingilia, haikufika dakika mbili mlango umeziba kwa watu walioangukiana. Walikufa 100. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, waliirudia kwenye kompyuta wakajenga na kipande cha ukumbi wakakichoma kweli. Kwa hiyo kwenye modeli yako usiandike "karibu", andika kwanza "alikoingilia", halafu uone mwongozo wako unaweza kuwatoa wangapi kwenye tabia hiyo. Hapo sasa unapima mwongozo. Mwanzo ulikuwa unapima milango.

dada_wa_kamati

Mimi nimekaa kamati za harusi mpaka za watu nisiowajua 😂 naomba niulize kitu cha kijinga. Kwa nini msimtumie MC? Ana maiki, ana sauti, watu wote usiku mzima wanafanya anachosema, akisema simameni wanasimama, akisema pigeni vigelegele wanapiga. Na ukumbi tayari umeshagawanyika, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, kila mtu anajua yuko wapi bila mshale. MC anasema tu "ndugu zetu wa bibi harusi mlango wa kushoto, wa bwana harusi wa kulia, marafiki na wafanyakazi wenzetu mliokaa katikati mlango mkubwa". Imeisha hiyo.

Mbeba_Ramani

Dada hilo swali la kijinga nitaliiba nilipeleke kazini.

nyoka_wa_pythoni

Aisee. Hilo ni tangazo la Monument kabisa, lina sababu na lina mwelekeo, na limesemwa na mtu anayeaminika. Mchora weka hiyo, MC anasema sekunde ya 30, asilimia fulani wanamtii wengine wanakwenda walikoingilia, halafu ushushe utii kutoka 90 mpaka 50 uone ni wapi inaanza kuharibika. Ila maiki inataka umeme, kama shoti ndo imeanzisha moto anabaki na koo lake.

dada_wa_kamati

Megafoni ya betri. Kamati inanunua kila kitu, itashindwa megafoni?

kipara_wa_ilala

MC atakuwa wa kwanza kukimbia

mchora_kuta

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Jumamosi nilienda, nikakaa karibu na mlango mkubwa kuanzia saa mbili usiku mpaka wanatawanyika, nikarekodi kwa simu.

Mzee stewadi ulikuwa umekaa nao hao watu. Upande mmoja wa mlango mkubwa umefungwa, komeo juu, komeo chini, na mbele yake kuna lile pambo la maua la kupigia picha. Mita moja na nusu tupu. Mlango wa kushoto unafunguka ila ndo njia ya wapishi, masinia yanaingia na kutoka humo usiku kucha, na maboksi ya spika za dijei yamepangwa pembeni mpaka imebaki nafasi ya mtu mmoja mmoja. Wa kulia una kufuli. Ufunguo anao mlinzi, mlinzi yuko geti la barabarani. Nilitembea toka mlangoni mpaka kwake nikihesabu, sekunde 55 mwendo wa kawaida, kurudi tena 55, na alinisimamisha kwanza kuniuliza mi ni wa upande gani.

Wakati wa kutoka nilihesabu dakika iliyojaa kuliko zote, wamepita 71. Sio 123. Najua hawakuwa na haraka, wanasimama kuagana pale pale kizingitini, mama mmoja amesimama katikati ya mlango dakika nzima anatafuta kiatu kimoja kwenye pochi, wanampita kulia kushoto kama maji na jiwe. Ila nilielewa kwa nini nyoka_wa_pythoni alisema nichanganye spidi.

Nimeendesha upya, mara 50 kila hali. Ukumbi kama ulivyo usiku ule, watu wakienda walikoingilia, ile mbaya inapita dakika 11, na hapo sijaweka moshi. Milango yote mitatu ikiwa wazi kweli na MC akitangaza pande kwa pande sekunde ya 30, na watu 7 kati ya 10 wakimtii, inashuka chini ya dakika 4, pamoja na kushangaa. Utii ukishuka chini ya nusu mlango mkubwa unaanza kuziba tena. Nikajaribu kubaki na MC lakini kufuli la kulia likiwa halijafunguliwa, ikawa MBAYA kuliko kutosema chochote, kwa sababu wale 267 wanakwenda kulia wanakuta ukuta, wanageuka wanakutana na wenzao. Hiyo ndo iliyonishtua kuliko zote. Nimeirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuchora.

Kwa hiyo ile karatasi ya dakika 3 sijamwandikia. Nimempa mwenye ukumbi ukurasa mmoja wenye ramani, mistari miwili, sentensi ya MC, na picha ya kufuli. Akaangalia sana ile picha. Akauliza lile komeo la kusukuma kwa tumbo, la milango ya dharura, linauzwaje, maana kwa nje mlango haufunguki lakini ukiwa ndani unasukuma tu. Nimemwambia naulizia. Mlango mkubwa amesema pambo la maua litahamia ukutani kuanzia harusi ijayo.

Mwalimu_Vihiga

Hiyo ya kuwatuma watu kwa mlango uliofungwa nitaibeba nayo. Kesho kabla ya gwaride nitaenda kuangalia geti letu la nyuma.

stewadi_mstaafu

Umefanya kazi mdogo wangu. Pambo likihama komeo bado lipo. Lile la juu la mlango mkubwa nani anafungua?

mchora_kuta

Nimeuliza. Ni dada wa usafi, ndo mwenye kiti cha kupandia.

stewadi_mstaafu

Anatoka kazini saa ngapi?

mchora_kuta

Saa kumi jioni.

stewadi_mstaafu

Na harusi zinaanza saa ngapi?

mchora_kuta

Saa moja usiku mzee. Nampigia mwenye ukumbi sasa hivi.